Santuri ya Lazima Husikilizwa Barazani

Kila nipitapo sokoni hapa Kasongo, mashariki ya Kongo, wakati wa alasiri, jua limeanza kulegea na mitambo midogo ya sola ikikinga nuru ya mwisho juu ya mapaa, huviona vibanda vya kuchaji simu vimezungukwa na vijana ambao, pamoja na kungoja simu zao zijae umeme, wamekuja kutiliwa nyimbo katika vikadi visivyozidi upana wa ukucha. Mwenye kibanda hawaulizi wanataka nyimbo za nani. Huwauliza wanataka ngapi. Nao hujibu kwa hesabu, kama mtu anunuaye mchele kwa kopo, wakaenda zao na nyimbo mia mbili au mia tatu zisizo na jina la mpigaji, wala la mtungaji, wala mwaka, wala mji zilikozaliwa.

Hatua chache kutoka hapo, barazani kwa mzee mmoja aliyekuwa mwalimu, nimeshuhudia mara nyingi jambo lililo kinyume cha hilo. Jioni za Jumapili hukutana hapo watu wazima wanne au watano, huyu na kaseti yake, yule na disiki yake ndani ya gamba lililochakaa, na desturi yao ni kusikiliza upande mmoja mpaka ukome pasipo mtu kutia neno. Kisha ndipo ndimi hufunguliwa: nani alipiga gitaa la pili, ilikuwa mwaka gani, kwa nini tarumbeta ilinyamaza pale ilipotarajiwa kusema, na je, kazi ile yastahili kuwekwa miongoni mwa zile ambazo mpenzi wa jazi akizikosa huhesabiwa kuwa hajaanza safari? Aghalabu ubishi wao huchukua muda mrefu kuliko muziki wenyewe, na sijapata kuwaona wakiachana kwa chuki.

Rai yangu, ambayo nimeipima kwa muda mrefu kabla ya kuiandika, ni hii: sahani haiwi ya lazima kwa sababu imetajwa katika orodha ya wajuzi wa Paris au New York, wala kwa sababu imevuma sana, bali huwa ya lazima pale inaposikilizwa toka mwanzo hadi mwisho na watu wawili au zaidi, wanaojua majina ya waliopiga na walio tayari kutoa sababu za kuipenda au kuikataa. Nyumba iliyopoteza desturi hiyo imepoteza zaidi ya burudani. Imepoteza mahali ambapo baba na mwana waliweza kuketi sawasawa mbele ya jambo moja.

Sahani ndefu na subira ya msikilizaji

Wazee wetu walipoanza kununua santuri, upande mmoja wa sahani ulichukua dakika tatu hivi, na wimbo ulilazimika kusema haja yake upesi na kwenda zake. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani ndefu, izungukayo mara 33 na thuluthi kwa dakika, yenye nafasi ya dakika ishirini na zaidi kila upande. Na hapo ndipo wapigaji wa jazi walipopata uwanja wa kuwaza kwa mapana, kama mwandishi wa barua aliyepewa daftari. Maadamu mtunzi alipanga kazi yake kwa upana huo, kumsikiliza nusu ni kama kumwondokea mgeni katikati ya salamu.

Chukua Kind of Blue ya Miles Davis, ambayo wapenzi wa jazi wa nchi nyingi huitaja mwanzo. Ilirekodiwa New York mwaka 1959 kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili, nayo ina vipande vitano. Bill Evans, mpiga piano wake, aliandika kwenye gamba la sahani hiyo kwamba wapigaji hawakuletewa muziki uliokamilika, bali michoro michache tu, wakaachiwa waijaze papo hapo. Msikilizaji wa Kasongo hahitaji kusomea muziki ili aelewe yanayotendeka humo, kwa kuwa ni desturi ya baraza lililo na adabu: Miles na tarumbeta yake ni mzee wa maneno machache, atiaye neno moja na kungoja lizame; Cannonball Adderley ni yule mcheshi asiyekosa hadithi; John Coltrane ni kijana mwenye maswali mengi kuliko pumzi zake; na hakuna anayemkata mwenziwe kauli. Nimeona mtu asiyejua neno la Kiingereza akiisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba hawa watu walikuwa wakiheshimiana. Je, mjuzi gani wa ng'ambo ameifasiri vizuri zaidi?

Au chukua A Love Supreme, aliyoirekodi Coltrane huyo huyo tarehe 9 Desemba 1964, akiwa na McCoy Tyner, Jimmy Garrison na Elvin Jones. Ni kazi ya sehemu nne, dakika thelathini na tatu kwa jumla, nayo ni shukurani kwa Mwenyezi Mungu. Katika sehemu ya mwisho saksafoni yake hufuata, neno kwa neno, dua ambayo mpigaji mwenyewe aliitunga na kuichapisha ndani ya gamba. Miezi hiyo huku kwetu mashariki ya Kongo ilikuwa ya vita vya waasi wa Simba, na watu wengi wa Maniema walilala misituni. Sisemi kwamba Coltrane alituwaza. Nasema kwamba yeyote aliyekesha katika maulidi hapa Kasongo, au aliyesikia kwaya ya misheni ikirudia jina moja mpaka jina likawa pumzi, atakapoisikia sehemu ya kwanza ya sahani hiyo atajua yuko mahali gani. Ya nini basi kumwambia kwamba huu ni muziki wa wenyewe, yeye haumhusu?

Jina la jazi lilivyotufikia

Watakuwapo watakaonikabili kwa hoja, na ni hoja ya haki, wakisema kwamba jazi tuliyoizoea sisi si hiyo ya Miles. Jazi yetu ni ya Joseph Kabasele na Franco, nayo kwa hakika ni rumba. Nami nakubali kwamba hizi ni njia mbili, na mwenye kuzichanganya atapotea. Lakini zafaa kusikilizwa kwa pamoja, kwa kuwa zote mbili zilienea kwa sahani zilizotoka mkono hadi mkono.

Tangu mwaka 1933 sahani za Kikuba zilizopigwa chapa ya G.V. zilianza kuletwa Afrika, na watu wa Léopoldville, walipozisikia, walitambua ndani yake ngoma za mababu waliochukuliwa utumwani zikirejea zimevaa nguo nyingine. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha huko studio ya Ngoma, na mwaka uo huo ukatoka wimbo wa Marie-Louise wa mwimbaji Wendo. Mwaka 1953 Kabasele aliunda African Jazz. Tarehe 6 Juni 1956 ikazaliwa OK Jazz, ambamo Franco Luambo alikuwa bado kijana wa miaka kumi na saba. Neno jazi halikuwa na maana ya mtindo wa New York. Lilikuwa na maana ya okestra ya kisasa, ya watu waliojitambua kuwa wa zama zao. Ndiyo sababu Tanganyika nayo ikawa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz, ambazo sauti zao zilivuka ziwa kwa redio za mawimbi mafupi na kuingia katika nyumba za jirani zetu wa Kabambare, zikiimba kwa lugha ambayo wenyeji waliisikia bila mkalimani.

Wakumbukao sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika watakumbuka pia adabu iliyokuwa ndani yake. Wimbo ulikatwa pande mbili: upande wa kwanza ulikuwa na kisa na ubeti, na wa pili aghalabu ulikuwa na sebene, pale magitaa yalipoachiwa uwanja. Ili kuipata raha yote iliwapasa watu kungoja, na mmoja wao ainuke akaigeuze sahani; na katika kitambo kile kifupi cha kuigeuza, neno lilisemwa. Mtu alimuuliza mwenziwe: umelisikia gitaa la Nico wa African Jazz? Mjadala ulizaliwa katika ukimya ule mdogo baina ya pande mbili. Simu haina upande wa pili. Wimbo ukiisha mwingine umekwisha kuingia, na swali halina pa kukaa.

Mcheza kwao hutunzwa

Waama, katika orodha ya sahani za lazima kwa mtu wa Maniema ya kusini, ni aibu kama hatutaanza na mwana wa jimbo hili. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kujiunga na okestra ya Makassy, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila, akaimba kwa Kiswahili juu ya mnyonge, juu ya kifo, juu ya ukimwi ulipokuwa bado jambo la kunong'onezwa. Na mwaka 1989 sahani yake Songs for the Poor Man ilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World, ikafuatwa na Mambo mwaka 1992. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, na huko Sinza mahali alipoishi hata leo huitwa kwa Remmy. Watani zetu wa Tanzania wamempa mtaa. Sisi tuliomzaa tumempa nini? Nimewauliza vijana wengi sokoni, na wengi wao wanazo nyimbo zake katika vikadi vyao pasipo kujua kwamba sauti ile ni ya mtu wa mto huu huu wa Lualaba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lugha yetu katika sahani za mbali

Fauka ya hayo, kuna jambo ambalo kila nilisimuliapo barazani watu hunyamaza. Mwaka 1960 ulikuwa mwaka wa uhuru wetu. Mwezi Januari African Jazz walikuwa Brussels wakati wa mazungumzo ya uhuru ya Meza ya Duara, wakautunga wimbo wa Indépendance Cha Cha. Mwezi Juni bendera ikapanda. Mwezi Oktoba Louis Armstrong alitua Léopoldville na tarumbeta yake, akabebwa kwenye kiti juu ya mabega ya watu. Na mwezi Novemba, huko New York, mpiga piano Randy Weston alikusanya okestra kubwa akarekodi sahani aliyoipa jina Uhuru Afrika. Sehemu yake ya kwanza huitwa Uhuru Kwanza, na ya mwisho Kucheza Blues. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, sauti za ala zikapangwa na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni. Na mwanzoni, kabla ngoma hazijapamba moto, husikika mtu akinena kwa Kiswahili: Mtanganyika Tuntemeke Sanga, aliyekuwa huko kwa shughuli za Umoja wa Mataifa. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini baadaye iliipiga marufuku sahani hiyo. Weston aliteua Kiswahili kwa kuwa alitafuta lugha ya Afrika ambayo yaweza kubeba neno uhuru kwa niaba ya wengi. Ni lugha hii hii iliyokuja na misafara kutoka Ujiji, ikapita Kabambare, ikaota mizizi Kasongo, na ambayo baadhi yetu huionea haya mbele ya Kifaransa.

Wala si yeye peke yake. Miaka kumi baadaye Herbie Hancock aliunda kundi ambalo kila mpigaji alichukua jina la Kiswahili: yeye akaitwa Mwandishi, ndilo jina la sahani yao ya mwaka 1971, Buster Williams akaitwa Mchezaji, Billy Hart akaitwa Jabali, Eddie Henderson, aliyekuwa tabibu kwa elimu, akaitwa Mganga. Coltrane naye alimtungia mkewe wa kwanza, aliyekuwa Mwislamu, wimbo uitwao Naima. Hilo ni jina ambalo mtu wa Kasongo hana haja ya kufasiriwa. Hawa watu walikuwa wakilitafuta tulilo nalo. Je, si haki nasi kuketi tukasikia walilolitafuta walilifanyia nini?

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake

Nisieleweke kwamba naomba watu wote wapende sahani zile zile. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na baraza lisilo na ubishi ni baraza la waliosinzia. Barazani kwa yule mwalimu yuko mmoja ambaye kwake Franco ni mwanzo na mwisho, na mwingine ambaye humsikiliza Franco kwa heshima ila moyo wake uko kwa Kabasele na sauti yake laini. Miaka na miaka hawajaafikiana, na kila Jumapili kila mmoja huja na kaseti mpya ya ushahidi. Nimejifunza kwao adabu tatu ambazo nadhani zatosha kuwa sheria ya wapenzi wa muziki popote walipo.

Ya kwanza, aletaye sahani ataje wapigaji wake kabla ya kuicheza, kwa kuwa kumla mtu jasho bila kumtaja ni namna ya wizi. Ya pili, hukumu haitolewi kabla upande haujakoma, kwani kazi nyingi njema huanza kwa ugumu, na asiye na subira hulitupa tunda kwa sababu ya ganda. Ya tatu, asemaye nzuri au mbaya alete sababu moja iliyo katika muziki wenyewe, si katika kabila la mpigaji, wala dini yake, wala mavazi yake. Mtu akiyashika haya matatu katika muziki, je, hatayapata mkononi siku ya kujadili shamba, mahari au kura?

Na nyongeza moja naitoa mimi mwenyewe: wanawake waitwe. Nimeona mara nyingi mama wa nyumba akipita na sinia la chai huku akiuimba ule wimbo wote kwa usahihi, na mabwana wakiendelea kubishana juu ya neno ambalo yeye alilijua tangu usichana. Muziki ambao Melba Liston aliupanga, na ambao waimbaji Abeti Masikini na Mbilia Bel waliuinua, haufai kujadiliwa na nusu ya nyumba.

Hasara ya nyumba isiyosikiliza pamoja

Sikio halilali na njaa, wahenga walisema. Lisipolishwa kwa hiari litaokota linachokuta. Sasa tazama nyumba ya kawaida ya mji huu. Baba amechoka na baiskeli ya mizigo, mama ametoka shambani, watoto watatu wakubwa kila mmoja ana vipuli vya sauti masikioni, na katika chumba kimoja kuna miziki mitatu isiyokutana. Hakuna ugomvi; lakini hakuna pia neno. Kijana akiondoka kesho kwenda kutafuta dhahabu upande wa Salamabila, ataondoka na nyimbo mia tatu, na hakuna hata mmoja utakaomkumbusha kauli ya babaye.

Linganisha na nyumba ambayo kaseti moja ilisikilizwa na watu sita. Miaka thelathini baadaye, mmoja wa watoto hao, awe Lubumbashi, awe Kigoma, awe Ulaya, akiusikia mdundo ule dukani kwa mtu, husimama. Na kinachomsimamisha si gitaa tu, bali ni baba aliyeinua kidole akisema, sikiliza hapa. Hiyo ni mirathi isiyohitaji hakimu wa kuigawa, na kila mrithi huipata nzima.

Nao wakati hautungoji. Kaseti zilizo katika masanduku yetu zinaliwa na unyevu na mchwa. Wajuao nani alipiga nini wanapungua mwaka hadi mwaka. Nje ya mji wetu liko lile tongo la Kasongo ya kale, ambalo wenyeji huliita Tongoni, na wageni huja kuchimbua humo vigae ili wajue waliokaa hapo walikula nini na walivaa nini. Wangaliandika, au wangalisimulia zaidi, tusingalihitaji majembe. Mwezi Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika hazina za urithi wa wanadamu, nasi tukafurahi kwa haki. Lakini daftari hilo la Paris haliwezi kumwambia mtoto wa Kabambare kwa nini babu yake alilia aliposikia wimbo fulani. Hilo ni la babu mwenyewe, angali hai.

Ombi

Sina serikali ya kuiomba, wala sidhani kwamba jambo hili lataka fedha nyingi. Namwomba mwenye kibanda cha simu aandike jina la mpigaji na mwaka kila anapoyajua, na kijana amdai hayo kama adaivyo chenji yake. Nawaomba walimu wa Kasongo na Kabambare watoe saa moja kwa mwezi, wanafunzi wamsikie Remmy wa Kindu na Uhuru Afrika ya Weston katika darasa moja, kisha waandike insha ya sababu zao.

Na wewe, baba au mama mwenye kaseti sandukuni, nakuomba jioni moja tu. Itoe, ipanguse vumbi, mwite mwanao aketi karibu nawe, mtajie waliopiga kabla hujabonyeza, mnyamaze wote wawili mpaka upande ukome. Kisha, kabla hujasema neno lako, muulize yeye kwanza amesikia nini.